"Raia wakishaamua, mimi ni nani?" Barua ya wazi kwa wabunge na maseneta wetu wa Haut-Katanga

Waheshimiwa wabunge wa taifa, waheshimiwa maseneta, nanyi wabunge wa jimbo,

Baba zangu na mama zangu, ninawasalimu kwa heshima. Mimi ni mwalimu wa historia na elimu ya uraia katika shule moja ya sekondari hapa Katuba, Lubumbashi. Barua hii haiombi barabara, umeme wala mshahara, ingawa hayo yote tunayahitaji na wenzangu wamekwisha kuwaandikia mara nyingi. Inahusu sentensi moja iliyotoka kinywani mwa mmoja wenu.

Kijana mmoja alikamatwa na watu karibu na soko, ikasemwa kwamba ameiba simu. Walimpiga, wakamvalisha tairi, wakammwagia petroli. Mimi nilipita pale baadaye. Palikuwa pamebaki nyaya nyeusi za tairi, na watoto wa shule wamesimama wakiangalia. Wawili kati yao ni wanafunzi wangu. Kama aliiba au hakuiba sijui, na hoja yangu haitegemei hilo hata kidogo.

Juma lililofuata mmoja wenu alikuja kuzungumza na wakaaji. Mama mmoja muuza unga alisimama akauliza: "Mheshimiwa, juu ya yule mtoto aliyechomwa, ninyi mnasemaje?" Akajibiwa hivi: "Mama, raia wamechoka. Raia wakishaamua, mimi ni nani niseme hapana? Sauti ya wengi ni sauti ya Mungu." Watu wakapiga makofi. Mama akaketi. Jina la aliyejibu sitalitaja, kwa sababu jibu hilo nimelisikia kwa viongozi wa kila chama na juu ya mambo mengi: juu ya wezi, juu ya "wakuja", juu ya adhabu ya kifo, na sasa juu ya katiba.

Jumatatu nilikuwa ninafundisha kifungu cha 5 cha katiba yetu, kinachosema kwamba enzi ya taifa ni ya raia na kwamba mamlaka yote hutoka kwao. Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa tano akainua mkono. "Mwalimu, basi wale watu wa sokoni walikuwa wanatawala?" Darasa lilicheka, halafu likanyamaza, kwa sababu waliona mwenzao anauliza kweli. Na mimi nilinyamaza, muda mrefu kuliko inavyompasa mwalimu. Nilikuwa nimekumbuka Likasi.

Mwaka 1992 nilikuwa na miaka 17. Baba alikuwa fundi wa mgodi, tulikaa Likasi katika nyumba za kampuni, zile zilizopangwa mstari mmoja kama mabehewa. Nyumba ya tatu kutoka kwetu alikaa mwalimu aliyenifundisha kusoma. Asili yake ilikuwa Kasai, lakini yeye alizaliwa Likasi, na watoto wake vilevile. Tulimwita Papa Mwalimu.

Vijana wa leo wanadhani watu wa Kasai walishuka Katanga juzi na treni. Union Minière, kampuni ya migodi ya Wabelgiji iliyoundwa mwaka 1906, ilihitaji mikono, na tangu miaka ya 1920 ilikwenda kuitafuta mbali, Kasai ikiwemo. Wengine waliletwa na kazi ya reli yenyewe. Walikuwa makarani, waashi, mafundi wa treni, walimu. Kisha mwaka 1957 Wabelgiji wakakubali kwamba wakaaji weusi wa Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, wapige kura kwa mara ya kwanza, na watu wenye asili ya nje ya Katanga wakashinda viti vikubwa vya komine. Mwaka uliofuata CONAKAT, chama cha waliojiita Wakatanga wa asili, ikaundwa. Yaani kura ya kwanza kabisa ya mji huu ilitufunza kuuliza mtu ametoka wapi kabla ya kuuliza anataka nini. Ninaogopa kwamba somo hilo ndilo tulilolishika kuliko mengine yote.

Mwezi wa 8 mwaka 1992 Mkutano Mkuu wa Taifa uliokuwa ukifanyika Kinshasa ulimchagua Étienne Tshisekedi, mtu wa Kasai, awe waziri mkuu mahali pa Nguza Karl-i-Bond, mtu wa Katanga. Kwetu hapa ikawa moto juu ya petroli, maana maneno yalikuwa yamekwisha kumwagwa tangu mwaka uliotangulia. Kwenye mikutano watu wa Kasai waliitwa bilulu, wadudu. Sina haja ya kuwaeleza ninyi, wazaliwa wa hapa, neno hilo linafanya kazi gani. Kilulu hakina jina wala mama. Kilulu kinafagiliwa, na anayefagia hajioni kuwa ametenda jambo. Ameisafisha nyumba yake.

Niliimba. Ninaandika hili waziwazi kwa sababu singependa mdhani ninawahubiria nikiwa pembeni. Nilikuwa katikati ya vijana walioimba barabarani kwetu, na nilipofika mbele ya nyumba ya Papa Mwalimu niliimba kwa sauti ileile.

Watu wa Kasai walitolewa majumbani, wakaenda stesheni. Walijaa pale kwa maelfu, familia nzima na masufuria yao, wakilala chini kandokando ya reli kungoja treni ambazo hazikutosha. Wengine walingoja majuma, wengine miezi. Watoto na wazee walikufa kwa magonjwa wakingoja, na wengine walifia ndani ya mabehewa njiani. Mwaka 1993 yakawa yaleyale Kolwezi. Waliofukuzwa katika jimbo zima walikuwa mamia ya maelfu. Nyumba ya Papa Mwalimu iling'olewa milango na madirisha. Baba yangu, ambaye hakumpiga mtu wala hakumtukana mtu, alinunua mlango mmoja kwa vijana waliokuwa wakiuza. Alisema yeye hakumfukuza yeyote, amenunua tu. Nimeingia na kutoka katika mlango huo mpaka siku nilipooa.

Mniruhusu sasa niseme jambo zito. Kama siku zile mtu angeleta masanduku ya kura Likasi, na karatasi iliyoandikwa "Wakasai waondoke, ndiyo au hapana", ninaamini ndiyo ingeshinda. Ingeshinda bila wizi, watu wakipanga mstari kwa utulivu, mashahidi wa kila chama wakitia sahihi. Mimi ningepiga ndiyo kama ningekuwa na umri. Utaratibu wote ungekuwa safi. Kwa hiyo siwezi kumjibu mwanafunzi wangu kwamba watu wa sokoni walikosea kwa sababu tu hawakufuata utaratibu. Hata kama wangefuata, hata kama wangepiga kura chini ya mwembe, mmoja mmoja, yule kijana asingepaswa kuchomwa. Lazima niseme kwa nini.

Wanasiasa hupenda nusu ya methali: wengi wape. Nusu ya pili inasema: usipowapa, watatwaa wenyewe. Methali hiyo inaonya juu ya nguvu. Inamwambia mtu mmoja kwamba kundi litamshinda mikono, na haisemi popote kwamba kundi lina haki. Na huo msemo wa sauti ya wengi kuwa sauti ya Mungu una historia ambayo ningependa mwijue. Mmoja wa watu wa zamani kabisa walioacha maandishi yake ni Alcuin, mwalimu katika jumba la mfalme Charlemagne, karibu na mwaka 800. Aliuandika ili kumwonya mfalme asiwasikilize wanaousema, kwa sababu ghasia za umati, alisema, ziko jirani na wazimu. Walio waumini kati yenu wanajua kuliko mimi ni umati gani uliodai Baraba afunguliwe, na ni mkuu gani aliyeomba maji ya kunawa.

Lakini mimi si miongoni mwa wanaodharau watu wengi. Ninafundisha watoto wa watu wengi. Kwa hiyo ninawauliza wanafunzi wangu kila mwaka swali hili: watu 60 wakitaka jambo na 40 wasilitake, kwa nini lifanyike la wale 60? Wa kwanza hujibu kwamba 60 wana nguvu zaidi. Ninamwambia 40 wenye bunduki wanawashinda 60 wasio nazo, na sisi Wakongo hatuhitaji mwalimu wa kutufundisha hilo. Wa pili hujibu kwamba wengi hawakosei. Ninamkumbusha hesabu ambayo darasa zima lilikosa na mtoto mmoja wa nyuma akaipata. Jibu ambalo sijapata bora zaidi yake lilitolewa na msichana mmoja, miaka kadhaa sasa: "Mwalimu, tukichukua la wale 40, itakuwa kila mmoja wao amehesabiwa zaidi ya kila mmoja wa wale 60."

Nimelibeba jibu hilo kama chumvi katika mfuko. Linasema kwamba wingi hauna uzito wenyewe. Uzito wake umeazimwa kutoka kwa jambo lililoutangulia, nalo ni kwamba kila mtu ni mmoja, hakuna aliye nusu wala hakuna aliye wawili. Tunahesabu vichwa kwa sababu kwanza tumekubali kwamba kila kichwa ni kichwa. Hiyo ni thamani ya kimaadili, na haikutokana na kura. Kura ndiyo iliyotokana nayo. Wengi wakiamua kwamba jirani fulani ni kilulu, wamechoma daftari ambamo majina yao wenyewe yameandikwa.

Mnajua desturi zetu. Baba akifa, matanga yakiisha, jamaa wanakaa barzani kugawa alichoacha. Wanaweza kubishana juu ya nyumba, juu ya shamba, juu ya nani akae na mama. Walio wengi wakisema nyumba iuzwe, itauzwa, na mdogo atanung'unika lakini atakubali. Ila hakuna barza inayoweza kuamua, hata kwa sauti tisa dhidi ya moja, kwamba yule mdogo si mtoto wa marehemu. Wakithubutu, mjomba mkubwa atasimama na kuwaambia: ninyi mmekaa hapa kwa haki gani, kama si ile ile iliyomweka yeye hapa?

Waheshimiwa, ninyi ndio wajomba wakubwa. Ndiyo maana ninawaandikia ninyi na siwaandikii watu wa sokoni.

Waathene wa kale, ambao tunaambiwa ndio walioanzisha utawala wa raia, waliliona hili kwa uchungu. Mwaka 406 kabla ya Kristo majemadari wao walishinda vita vya baharini, lakini dhoruba ikawazuia kuwaokoa mabaharia waliokuwa wakizama. Raia wakakasirika. Sheria ilitaka kila jemadari ahukumiwe peke yake. Mkutano ukataka wote wahukumiwe kwa kura moja. Walipokumbushwa sheria, wengi walipiga kelele kwamba ni jambo la kutisha raia kuzuiwa kufanya wanalolitaka. Sokrates alikuwa katika kamati iliyoongoza kikao siku ile, naye akakataa kukubali kura isiyo halali. Alikuwa peke yake. Majemadari sita waliokuwepo wakauawa. Baadaye raia walewale walijuta na kuamua kuwashtaki waliowachochea. Jambo linalonigusa katika habari hiyo ni ile kura moja kwa watu wote kwa pamoja. Huo ndio mtindo wa bilulu: mtu hahukumiwi kwa alichotenda, anahukumiwa kwa fungu alilowekwa.

Hata mwanafalsafa Rousseau, ambaye kila mpenda umati humtaja, mwaka 1762 alitenganisha nia ya pamoja na jumla ya matakwa ya kila mtu. Na aliweka sharti ambalo wengi hulisahau: nia ya pamoja inapaswa kutoka kwa wote na kuwahusu wote. Ikimlenga mtu fulani au kundi fulani, inapoteza unyofu wake. Lipimeni kwa sharti hilo pendekezo lililopelekwa Bungeni mwezi wa 7 mwaka 2021, lile la kutaka vyeo vikubwa vya nchi viwe vya waliozaliwa na baba na mama Wakongo peke yao. Nilisikia watu wengi hapa wakilisifu, na wengine wakililaani kwa sababu tu walijua ni nani ambaye lingemzuia. Sikusikia wengi wakiuliza kama nchi inaweza kumwambia mtoto wake: wewe ni raia wa kulipa kodi na kufa vitani, lakini damu yako haijatimia.

Najua mtakalojibu. Mtasema: mwalimu, nani atatuambia maadili ni yapi? Swali hilo ni la haki, na nisipolijibu barua hii ni bure.

Tumewahi kutawaliwa na watu waliosema maadili yako juu ya matakwa yetu. Mwaka 1948 Wabelgiji walileta cheti cha sifa ya kiraia kwa wale walioitwa évolués, yaani weusi waliosemwa wamestaarabika, na mwaka 1952 wakaongeza hatua nyingine ya juu yake. Mtu aliomba, na wakaguzi wakaingia mpaka nyumbani kwake kuangalia familia inavyoishi na inavyokula. Maadili yalikuwa yao, nyumba ilikuwa yetu. Halafu Mobutu. Mwaka 1970 alisimama peke yake, kadi ya kijani ikasemwa ni ya matumaini na nyekundu ni ya vurugu, naye akapata zaidi ya asilimia 99. Naye alizungumza daima juu ya maadili, ya mababu na ya taifa. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba raia hawajakomaa na kwamba kuna wachache wanaojua mema kuliko wao, mimi ninashika kofia yangu ninatoka. Ndugu zetu wa Goma na Bukavu, tangu miji yao ilipochukuliwa kwa silaha mwanzoni mwa mwaka 2025, wanaishi chini ya watu ambao hawakuwapigia kura. Hakuna anayewauliza chochote. Ninaipenda kura kwa sababu ninaona jinsi mtu anavyokuwa anapoikosa.

Na raia wetu wamewahi kuwa waalimu wa wakubwa. Mwezi wa 1 mwaka 2015 sheria ya uchaguzi ilipotaka kura ingoje mpaka sensa ifanywe kwanza, watu walitoka barabarani Kinshasa na miji mingine, wengine wakauawa, na Senati ikakiondoa kipengele kile. Siku hizo umati ndio ulioshika katiba mkononi, na waliokalia viti ndio waliotaka kuipita. Kwa hiyo sisemi umati ni mbaya na viongozi ni wema. Ninasema yeyote kati yao anaweza kuisahau ile hesabu ya msichana wangu, na aliyebaki akiikumbuka ana wajibu wa kusema.

Ndipo ninapofikia katiba. Haikushuka kutoka mbinguni wala haikuletwa na wakaguzi. Tuliipigia kura wenyewe mwezi wa 12 mwaka 2005, nchi ikiwa imetoka vitani, zaidi ya wanne kati ya watano wakasema ndiyo, na ikatangazwa tarehe 18 Februari 2006. Mimi huieleza darasani kwa mfano wa mchimbaji ninayemjua. Siku ya mshahara, kabla ya kupita kwenye baa, alikuwa anampelekea mke wake pesa na kumwambia: "Usiku nikija kukuomba, usinipe." Usiku alikuja akigonga mlango, akidai pesa ni zake. Zilikuwa zake kweli. Lakini yule wa mchana na yule wa usiku, ni yupi mwenye nyumba? Mama alimsikiliza yule wa mchana, na watoto wakasoma.

Kifungu cha 61 ni neno letu la mchana. Kinasema kwamba hata nchi ikiwa katika hali ya kuzingirwa, kama ilivyotangazwa Nord-Kivu na Ituri mwaka 2021, kuna mambo hayaguswi: uhai, katazo la kutesa watu, katazo la utumwa, haki ya kujitetea, uhuru wa dhamiri. Kifungu cha 220 kinakataza mabadiliko yoyote yanayopunguza haki na uhuru wa mtu, pamoja na idadi na urefu wa mihula ya rais. Wajerumani waliandika kinga kama hiyo mwaka 1949, baada ya kuona jinsi chama kilichopata kura nyingi kuliko vyote kinavyoweza kuzika kura zenyewe.

Tangu Rais alipotangaza Kisangani, mwezi wa 10 mwaka 2024, kwamba ataunda tume ya kufikiria katiba mpya, ninyi mnatuambia: tuwaachie raia waamue. Nitasema ninavyofikiri. Katiba inaweza kuguswa; kifungu cha 218 kinawapa hata raia wa kawaida 100,000 nafasi ya kuanzisha mabadiliko kwa kutia sahihi. Mambo mengi humo yanastahili kuzungumzwa, na wanaozungumza si maadui wa nchi. Lakini uzio wa 220 uliwekwa na raia walewale mnaotaka kuwauliza, kwa ajili ya usiku kama huu. Anayetaka kuuvunja asije na neno "raia wanataka" kama ufunguo. Aje na sababu, azieleze hapa, kwa Kiswahili, na akubali kuulizwa.

Juu ya adhabu ya kifo nitakuwa mfupi, ingawa najua wengi wenu na wengi wetu tuko mbali katika hili. Tangu mwaka 2003 nchi haikuwa ikitekeleza adhabu hiyo. Mwezi wa 3 mwaka 2024 serikali iliondoa zuio, ikitaja usaliti jeshini na ujambazi wa mijini. Hapa mtaani wengi walifurahi, na ninawaelewa, maana nimezika jirani aliyekatwa na panga. Lakini tazameni Afrika Kusini. Mwaka 1995 mahakama yao mpya ya katiba iliifuta adhabu hiyo ikijua kwamba huenda walio wengi wanaitaka. Rais wa mahakama, Arthur Chaskalson, alieleza kwamba kama maoni ya wengi yangetosha, kusingekuwa na haja ya mahakama ya katiba, na kwamba kinga ile iliwekwa hasa kwa ajili ya wale ambao kura haiwalindi, wakiwemo waliotupwa na jamii. Kuluna, jambazi wa mitaani, akifungwa ni mtu asiye na kura yoyote ya kumtetea. Kama haki ni ya mtu, ni yake pia. Kama si yake, basi haikuwa yangu; nilikuwa tu upande wa wengi.

Ninawaomba nini, basi? Kifungu cha 101 kinasema mbunge wa taifa anawakilisha taifa, na kwamba agizo la kumfunga mikono ni batili. Katiba haikutaka muwe kipaza sauti cha kukuza kelele zetu. Inataka mtusikilize, halafu mfikiri, halafu mje mtuambie mlivyofikiri, hata kama ni kinyume chetu, nasi tutawahukumu siku ya kura. Mtu akichomwa tena, na ninaogopa atachomwa, njooni mahali pale pale, siku ile ile, kabla majivu hayajazolewa, mseme hapana kwa lugha tunayoielewa. Tangazo la Kifaransa lililosomwa redioni siku tatu baadaye halimfikii aliyeshika kiberiti. Na kampeni ikija, msilitumie neno "wakuja". Ninajua linaleta kura. Nililiona likileta kura kabla baadhi yenu hamjaingia siasa, na nililiona liliwapeleka wapi Papa Mwalimu na watoto wake.

Mwanafunzi wangu nilimjibu juma lililofuata. Niliwasimulia darasa zima habari za Likasi, pamoja na wimbo, pamoja na mlango. Walikaa kimya. Mwishoni yule aliyeuliza akainua tena mkono: "Na wakubwa wa wakati ule, walisema nini?" Nikamwambia: walisema raia wamechoka.

Saa ya elimu ya uraia, mwaka wa tano, ni Jumatatu asubuhi, saa mbili kamili. Yeyote kati yenu atakayependa kuja atapewa kiti mbele na nusu ya kipindi ya kuzungumza. Nusu ya pili ni ya maswali yao. Mkuu wa shule amekubali.

Wenu katika heshima,

Mwalimu wa historia na elimu ya uraia
Komine ya Katuba, Lubumbashi